'Madhara ya Chanjo' na 'Tukio Baada ya Chanjo': Lugha ya Kutambua Dalili Zinazofuata Chanjo ya UVIKO-19 katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

1.0 Utangulizi

Tarehe 28 Julai, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani katika Ikulu ya Dar es Salaam, na kwa kitendo hicho Tanzania ikaanza rasmi kutoa chanjo ya UVIKO-19. Shehena ya kwanza, yenye dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen zilizotolewa na Marekani kupitia mpango wa COVAX, ilikuwa imewasili siku nne tu kabla ya hapo. Lakini maneno kuhusu chanjo yalikuwa yameitangulia chanjo yenyewe. Tarehe 27 Januari mwaka huohuo Rais John Magufuli alieleza mashaka yake juu ya chanjo hizo akiwa Chato, wilaya ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Kagera. Mwezi Aprili Marekani ilisitisha kwa siku kumi matumizi ya chanjo hiyohiyo ya Janssen, baada ya kugunduliwa visa vichache vya kuganda kwa damu. Uganda na Rwanda, nchi zinazopakana na eneo linalohusika hapa, zilikuwa zimekwishaanza kuchanja. Hivyo mkazi wa Karagwe au Kyerwa aliyejitokeza kuchanjwa alijitokeza akiwa amekwishasikia mengi, na alirudi nyumbani akiwa na jukumu ambalo hakuna mtu mwingine angeweza kumfanyia: kujitazama, kutambua kilicho kigeni katika mwili wake, na kukisema.

Ni kitendo hiki cha mwisho, yaani kusema, kinachoshughulikiwa katika makala haya. Daktari huweza kupima damu na mapigo ya moyo, lakini hapimi kabla hajaambiwa. Kinachomfikia kwanza ni sentensi, na sentensi hiyo ina nomino, ina njeo, ina kiunganishi. Hoja ya makala haya ni kwamba Kiswahili kinachotumika katika mazungumzo ya chanjo kina mwelekeo wa kuunganisha mambo mawili ambayo utambuzi wa dalili unadai yatenganishwe: wakati jambo lilipotokea na sababu ya kutokea kwake. Mwelekeo huo una gharama kwa pande zote mbili. Huweza kuisingizia chanjo ugonjwa usioihusu, na huweza pia kuificha dalili ya hatari chini ya jina la maudhi ya kawaida.

Yafaa kudokeza mapema kwamba sentensi zinazotolewa hapa kuwa mifano zimeundwa kwa ajili ya uchambuzi. Si kauli zilizorekodiwa kutoka kwa wagonjwa.

2.0 Eneo na lugha zake

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kwa pamoja wilaya hizi zinakalia sehemu kubwa ya nchi iliyokuwa himaya ya Karagwe chini ya watawala wa ukoo wa Abahinda. Mto Kagera unazitenga na Rwanda kwa upande wa magharibi, na huko Murongo, kaskazini mwa Kyerwa, mtu huvuka mto huo kuingia Uganda. Lugha ya kwanza ya wenyeji walio wengi ni Runyambo. Ruhaya nayo husikika sana, na kwa kuwa lugha zote mbili zimo katika kundi la Rutara pamoja na Runyankore, Rukiga na Runyoro, mazungumzo ya ng'ambo ya mto hufahamika bila ya taabu kubwa. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi, ya zahanati na ya mabango ya afya.

Hali hii ya matumizi ya lugha si ngeni kwa wanaisimu jamii. Lakini aghalabu imejadiliwa kuhusiana na elimu au siasa ya lugha, si kuhusiana na maumivu. Mzee aliyesoma madarasa machache ataweza kununua, kuuza na kusalimiana kwa Kiswahili bila ya kigugumizi chochote. Inapofika kueleza jinsi kichwa kinavyouma, tangu lini, na maumivu hayo yanatofautianaje na yale ya siku nyingine, mambo hubadilika. Lugha ya maumivu ni miongoni mwa zile ambazo mtu hujifunza kwa mama yake.

3.0 Majina matatu ya jambo moja

Wizara ya Afya na watoa huduma wake wamezoea kuviita vitu vidogo vinavyofuata chanjo 'maudhi madogo madogo'. Magazeti na watu mitaani husema 'madhara'. Wasomi hupendelea 'athari'. Maneno yote matatu yana asili ya Kiarabu, na kila moja limebeba hukumu yake.

'Maudhi' yanatokana na kitenzi -udhi. Kinachoudhi hukera, hakiumizi. Mtoto anayepiga kelele huudhi, wala hakuna anayempeleka hospitali aliyeudhiwa. Takriri ya kivumishi, 'madogo madogo', hupunguza zaidi uzito wa nomino, na wakati huohuo hueneza maana: vidogo, vingi, vya hapa na pale. Kwa dalili nyingi jina hili linasema kweli. Maumivu mahali pa sindano, uchovu, kuumwa kichwa, maumivu ya misuli, homa na kutetemeka ni mambo yaliyowapata watu wengi waliochanjwa. Kwa kawaida huanza ndani ya siku moja au mbili na kwisha yenyewe baada ya siku chache. Ni dalili za kinga ya mwili inayojifunza kazi yake.

Tatizo ni kwamba jina hili linatolewa kabla ya jambo lenyewe kutokea. Mtu anaambiwa kituoni, 'Utapata maudhi madogo madogo'. Siku ya kumi anaumwa kichwa kwa namna ambayo hajapata kuumwa. Jina analo tayari, na jina hilo linamwambia anyamaze.

'Madhara', kwa upande mwingine, yanatokana na -dhuru, na katika lugha ya sheria na ya nyumbani hayasemwi bila ya kumtafuta aliyedhuru. Mgonjwa akisema 'nimepata madhara' amekwishafungua kesi. Mhudumu anayesikia neno hilo huelekea kujitetea, au kuitetea serikali, badala ya kuuliza swali la pili. 'Athari' ingeweza kuwa neno la katikati, kwa kuwa asili yake ni alama au nyayo ya kitu kilichopita. Hata hivyo, katika matumizi ya siku hizi imeegemea mno kwenye maana ya matokeo ya kitu fulani. 'Athari za ukoloni' ni zile zilizoletwa na ukoloni. Hakuna anayezielewa kuwa ni mambo yaliyotokea tu baada yake.

Neno -chanja lenyewe lina historia inayostahili kutajwa japo kwa ufupi. Maana yake ya awali ni kukata au kutoja: huchanjwa kuni, huchanjwa chale. Chanjo ya ndui na ile ya kifua kikuu ziliacha kovu, na kovu likawa ushahidi unaoonekana kwamba chanjo imeshika. Chanjo ya UVIKO-19 haiachi alama ya aina hiyo. Ni sindano inayoingia kwenye msuli wa bega na kupotea, na mwenye kutafuta alama yake hana budi kuitafuta katika hali ya mwili mzima.

4.0 Kihusishi cha -a unganifu na 'baada ya'

Shirika la Afya Duniani halianzi na neno 'madhara'. Linaanza na tukio lolote baya la kiafya linalofuata chanjo, bila ya kudai kwamba limesababishwa na chanjo, kisha linaligawa kwa sababu zake. Huenda limetokana na asili ya chanjo yenyewe. Huenda limetokana na kasoro ya ubora katika utengenezaji, au na kosa la utoaji, kama vile sindano iliyochomwa mahali pasipostahili. Huenda ni hofu ya sindano. Na huenda ni sadfa tupu: ugonjwa ambao ungempata mtu huyo hata asingechanjwa. Katika Kagera, ambako malaria haijakoma, sadfa ni jambo la kila siku.

Sasa zitazamwe semi hizi:

(1) homa ya chanjo
(2) homa baada ya chanjo
(3) homa siku ya pili baada ya chanjo

Katika (1), -a unganifu inafanya kazi yake ya kueleza chanzo, sawa na katika 'kifo cha ajali' au 'maumivu ya jino'. Sababu imekwishatajwa, uchunguzi umefungwa. Mtu angetarajia (2) iwe huru na dosari hiyo, kwa kuwa 'baada ya' ni usemi wa wakati. Lakini mazoea ya lugha ya magazeti yanaonyesha vingine. Kichwa cha habari kinaposema kwamba mtu amefariki baada ya kugongwa na gari, hakuna msomaji anayedhani kwamba gari ni habari moja na kifo ni nyingine. 'Baada ya' ya Kiswahili cha habari ni kisababishi kilichovaa vazi la wakati. Ni (3) pekee inayolegeza fundo, kwa sababu kiasi cha muda kilichoingizwa kinamlazimisha msikilizaji kuuliza kama siku mbili ni nyingi au chache kwa jambo hilo.

Swali hilo ndilo moyo wa utambuzi wenyewe. Mshituko wa mzio hutokea ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya nusu saa kwisha. Ndiyo maana watu walitakiwa kukaa kituoni dakika 15 hadi 30 baada ya sindano. Homa na uchovu ni vya siku mbili za mwanzo. Kuvimba kwa misuli ya moyo, kulikoonekana kwa nadra baada ya chanjo za Pfizer na Moderna zilizofika nchini baadaye, huwapata zaidi vijana wa kiume, hasa baada ya dozi ya pili, na kwa kawaida ndani ya wiki moja. Kuganda kwa damu kunakoambatana na upungufu wa chembe zinazosaidia damu kuganda, tatizo lililohusishwa na chanjo ya Janssen, hujitokeza zaidi kati ya siku chache na wiki tatu au zaidi kidogo. Ugonjwa wa Guillain-Barré, nao nadra, ulifuatiliwa kwa siku 42. Dalili ileile, kwa mfano maumivu ya kichwa, si habari moja katika siku ya kwanza na katika siku ya kumi na mbili.

5.0 Njeo: kile ambacho Runyambo ina na Kiswahili hakina

Simulizi ya Kiswahili husonga mbele kwa kiambishi -ka-:

(4) Alichanjwa, akarudi nyumbani, akaumwa kichwa, akapooza.

Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba -ka- huonyesha mfuatano. Kinachosahaulika ni kwamba haionyeshi urefu wa nafasi iliyopo kati ya tendo na tendo. Kati ya 'akarudi' na 'akaumwa' zinaweza kuwa saa mbili au miezi mitano. Zaidi ya hayo, mfuatano wa -ka- huleta dokezo kwamba la kwanza limezaa la pili, kama katika 'alikunywa sumu akafa'. Dokezo hilo halimo katika kiambishi chenyewe. Linatokana na kanuni ya mazungumzo kwamba msemaji hataji pamoja mambo yasiyohusiana. Lakini kwa msikilizaji wa kawaida, na kwa yule atakayeirudia habari hiyo gulioni siku inayofuata, tofauti kati ya maana na dokezo haipo. Sentensi (4) imeondoka na hukumu yake.

Lugha za Rutara zina utaratibu mwingine. Ruhaya imekuwa mfano maarufu katika fasihi ya njeo duniani, hususan tangu Comrie alipoitumia katika kitabu chake cha mwaka 1985, kwa sababu inagawa wakati uliopita katika viwango vitatu: uliopita wa leo, unaojengwa kwa -a-, uliopita wa jana, unaojengwa kwa kiambishi tamati -ire (au -ile katika maandishi mengine), na uliopita wa kabla ya jana, unaojengwa kwa -ka-. Runyambo, kama inavyoelezwa katika sarufi ya Rugemalira ya mwaka 2005, nayo inatofautisha viwango vya wakati uliopita kwa mbinu za namna hiyo. Msemaji hana hiari. Hawezi kusema kwamba kichwa kilianza kuuma bila ya kitenzi chenyewe kutoboa kama kilianza leo, jana au zamani zaidi.

Anapohamia Kiswahili, msemaji huyohuyo anapewa -li- moja kwa vyote. 'Kichwa kilianza kuuma' inaweza kuwa asubuhi ya leo au mwezi uliopita. Kiswahili kina vielezi vya kutosha vya kuziba pengo hilo, lakini kielezi ni cha hiari na njeo ni ya lazima. Mtu mwenye maumivu, aliyepanga foleni tangu alfajiri, huacha ya hiari. Aidha, umbo -ka- lipo katika lugha zote mbili likiwa na kazi tofauti: huku mfuatano, kule umbali wa wakati. Inafaa kuchunguzwa kama msemaji wa Runyambo anapotumia -ka- ya Kiswahili hubeba pia kivuli cha ile ya kwao. Ni mada nzuri ya tasnifu kwa mwanafunzi mwenye masikio ya lugha zote mbili.

Hapa pana mtego, na haifai kuuruka. Njeo hupima umbali kutoka wakati wa kusema hadi wakati wa tendo. Haipimi umbali kati ya tendo na tendo. Mgonjwa anayefika siku ya ishirini akaeleza kwa Runyambo kwamba alichanjwa na kwamba alianza kuumwa atatumia -ka- kwa vitenzi vyote viwili, na daktari atakuwa hajui zaidi ya alivyojua. Msaada wa njeo ni mdogo kuliko unavyoonekana kwa mtu anayelipenda somo la njeo. Hata hivyo, haukosekani. Tarehe ya chanjo haikuhitaji kusemwa: iliandikwa kwenye cheti. Kinachotafutwa kwa mdomo ni mwanzo wa dalili, na kwa mgonjwa anayewahi kufika, kitenzi cha Runyambo hutoa kwa neno moja kile ambacho Kiswahili hudai maswali mawili. Kutoa tarehe moja katika nyingine ni hesabu tu.

Kwa mgonjwa aliyechelewa, njia ni ya vijiji vyote: siku ya gulio, Jumapili ya tukio fulani kanisani, mavuno ya kahawa, mazishi ya jirani. Swali 'Ilianza tarehe ngapi?' huzaa jibu la kumridhisha muulizaji. Swali 'Ilianza kabla ya gulio au baada yake?' huzaa jibu la kweli.

6.0 Dalili nne katika maneno ya watu

6.1 Kichwa

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kichwa. Kichwa huuma, huwanga, hugonga, hupasua. Lakini vitenzi hivi hupima ukali, na ukali pekee hautoshi. Dalili iliyotakiwa kutiliwa maanani baada ya chanjo ya Janssen ni maumivu makali yanayoanza au kuzidi siku kadhaa baada ya sindano, yasiyotulia kwa dawa za kawaida, hasa yakifuatana na kuona ukungu, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Kisarufi, kinachotakiwa hapa ni hali, si njeo. 'Kichwa kiliuma' kimekwisha. 'Kichwa kinauma' kinaendelea. 'Kichwa kingali kinauma' kinaendelea licha ya kutarajiwa kwisha. Kiambishi -ngali-, ambacho vijana wa leo wanakitupa na badala yake kusema 'bado', ndicho chenye taarifa anayoihitaji daktari.

Wanaopuuza jambo hili kwa hoja kwamba tatizo lilikuwa nadra wana hakika ya upande mmoja. Nchini Marekani lilikadiriwa kuwa takribani visa vinne kwa kila dozi milioni moja. Ni kweli kwamba mtu mmoja mwenye kichwa kinachouma Kayanga au Nkwenda alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na malaria. Lakini kwa mgonjwa yule mmoja kosa la utambuzi lilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu heparini, dawa ya kawaida ya kuzuia damu isigande, inashauriwa iepukwe kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na tatizo hilo. Asiyeuliza habari ya chanjo angeweza kuitoa kwa nia njema kabisa.

6.2 Ganzi na uzito

'Mkono wangu mzito' ni kauli ya kawaida kwa aliyechomwa sindano begani, na uzito huo hupita. 'Miguu yangu mizito' ni kauli nyingine, ingawa kivumishi ni kilekile. Ugonjwa wa Guillain-Barré kwa kawaida huanza kwa ganzi au mchomo kama wa sindano miguuni, kisha udhaifu unaopanda pande zote mbili, na ukifika kwenye misuli ya kupumulia unaua. Tofauti imo katika mahali, idadi na mwendo: mguu au miguu, upande mmoja au miwili, imetulia au inapanda. Umoja na wingi wa nomino, jambo ambalo wanafunzi hulichukulia kuwa somo la darasa la tatu, hapa lina kazi ya tiba.

6.3 Vipele na madoa

Vipeperushi vya kigeni hutaja 'madoa mekundu'. Lugha hiyo ilipimwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi ya Mnyambo au Mhaya damu iliyovuja chini ya ngozi haionekani nyekundu. Huonekana kama weusi uliozidi, na mara nyingi haionekani kabisa. Vitone hivyo hutafutwa mahali penye rangi hafifu: ndani ya midomo, ndani ya kope, viganjani na katika nyayo. Mtu anayetafuta wekundu mkononi mwake na asiuone ataamini kwamba hana kitu. Kwa hiyo tafsiri sahihi ya kila neno inaweza kutoa maelekezo yasiyo sahihi, na mtafsiri wa maandishi ya afya asiyetazama ngozi ya wasomaji wake hajamaliza kazi.

Vilevile 'vipele' visichanganywe na vitone hivyo. Vipele au mabaka ya mzio huinuka, huwasha, na huja mapema. Vitone vya damu ni bapa, haviwashi, wala havififii vikibonyezwa kwa kidole.

6.4 Kuzimia

Kuzimia, kuzirai, kuanguka na kupoteza fahamu hutumika kana kwamba ni visawe. 'Kuanguka' pia ni tasfida ya kifafa, na hilo huongeza utata. Aliyezimia kwa hofu ya sindano huanguka papo hapo au muda mfupi baadaye, akiwa baridi, mapigo ya moyo yakiwa ya polepole, na hupata nafuu anapolazwa chali na miguu kuinuliwa. Aliyepatwa na mshituko wa mzio huvimba midomo au ulimi, hupumua kwa shida na kwa sauti ya mluzi, hutoka mabaka, na mapigo yake huenda mbio; huyu anahitaji sindano ya adrenalini bila ya kuchelewa. Familia inayosimulia baadaye kwamba 'alizimia' imetoa nusu ya habari.

7.0 Mzio na omuziro

Istilahi iliyochaguliwa kwa hali ya mwili kukataa kitu fulani ni 'mzio'. Kwa upande wa Kiswahili ni uteuzi mzuri, kwani mzio ni kile ambacho mtu hakili wala hakigusi kwa sababu humletea shida, na maana ya kitiba inakaa humo bila ya kulazimishwa.

Lakini neno hilo lina ndugu yake katika lugha za Rutara, nalo ni 'omuziro'. Kiswahili kimepoteza konsonanti ya kati kama ilivyopotea katika maneno mengine mengi. Mzizi ni mmoja. Omuziro ni mwiko wa ukoo. Abahinda hawali enkende, yaani tumbili, na kila ukoo una wake. Mhudumu anayeuliza kwa Kiswahili cha wizara, 'Je, una mzio wowote?', anauliza habari za dawa, chakula na chanjo zilizotangulia. Mzee wa Kinyambo anaweza kusikia swali la heshima kuhusu ukoo wake na akalijibu ipasavyo. Wote wawili wataridhika, na hakuna taarifa ya kitiba itakayokuwa imepita kati yao.

Swali linalofaa ni refu na halina istilahi: 'Umewahi kuvimba uso, kutoka mabaka au kubanwa na pumzi baada ya kumeza dawa, kuchomwa sindano au kula kitu fulani?' BAKITA na vyombo vingine vya istilahi vimefanya kazi kubwa ya kuunda maneno, lakini haviwezi kulaumiwa kwa kila mahali ambapo neno zuri linakutana na sikio lililokuwa na neno jingine.

8.0 Fomu na mdomo

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua nafasi ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa mwaka 2019, ndiyo inayopokea nchini taarifa za matukio yanayofuata dawa na chanjo. Taarifa huanzia kituoni. Mhudumu husikiliza, huchagua maneno, hujaza. Katika hatua hiyo lugha mbili au tatu zimekwishapishana: mgonjwa amefikiri kwa Runyambo, amesema kwa Kiswahili, na istilahi za kitiba zina chimbuko la Kiingereza. Fomu huuliza lini dalili ilianza, na swali hilo ni sahihi kabisa. Haiulizi ni lugha gani iliyotumika kulijibu, wala aliyetafsiri ni nani. Mara nyingi ni mjukuu, na mjukuu huyo hajui kila anachojua bibi yake kuhusu vitenzi vya jana na vya juzi.

Kuongeza mstari mmoja wenye maneno yenyewe ya mgonjwa, katika lugha aliyoyasema, hakuhitaji fedha. Wahudumu wengi katika wilaya hizi ni wasemaji wa Runyambo au Ruhaya, na tahajia ya lugha hizo haiwapi shida kubwa. Msamiati wa Runyambo, Kiswahili na Kiingereza uliotayarishwa na Rugemalira mwaka 2002 unapatikana kwa anayetaka kuhakikisha neno. Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba taarifa hizo zitasomwa na watu wasiojua Runyambo. Ni kweli, lakini anayezisoma huko mbali ndiye hasa anayehitaji kujua kwamba 'homa' iliyoandikwa mbele yake ilitafsiriwa, na kwamba kitenzi kilichotafsiriwa kilikuwa kimesema siku.

Dharura ya kimataifa ya UVIKO-19 ilitangazwa kuisha tarehe 5 Mei, 2023, na mwezi uliofuata idhini ya chanjo ya Janssen ilifutwa nchini Marekani kwa ombi la mtengenezaji mwenyewe. Majuma machache kabla, mwezi Machi mwaka huohuo, mlipuko wa homa ya Marburg ulitangazwa katika Wilaya ya Bukoba Vijijini, ukiwa na homa, maumivu ya kichwa na, kwa baadhi, kutokwa damu. Mgonjwa wa Kagera aliyechanjwa na aliyeanza kuumwa kichwa mwezi ule alikuwa na sababu nyingi za kuogopa, na mhudumu wake alikuwa na sababu nyingi za kuuliza kwa makini. Tangu Aprili 2024 wasichana wenye umri wa miaka 9 hadi 14 wamekuwa wakipewa dozi moja ya chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Wengi wao huchanjwa shuleni, na wengine huanguka wakiwa kwenye foleni hata kabla ya sindano kuwafikia. Mwalimu anayeandika daftarini kwamba mwanafunzi 'alianguka siku ya chanjo' bado hajaandika kama alianguka kabla au baada.